Fundo Upande wa Dereva

Wenzangu wa gereji, najua mnavyonicheka. Kila taa za gari zilipomalizwa kutengenezwa, nilikuwa nawalazimisha watu wawili wasimame, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila mmoja aseme kwa sauti anachokiona. Mlinivumilia miaka yote hiyo, mkinong'ona kwamba mzee anapenda misa ndefu. Sasa nimestaafu, na habari zimenifikia kwamba wiki ile ile niliyoondoka sheria hiyo ilianza kulegea. Siwalaumu. Sheria isiyo na sababu ni kelele tu, na sababu ya sheria hii sikuwahi kuwaambia. Naiandika hapa pamoja na mambo mengine machache, kabla kichwa changu hakijaanza kuchagua chenyewe cha kukumbuka.

Nilikuja Bunia na mama yangu kutoka Butembo, nikiwa na shati moja la heshima. Nililivaa siku yangu ya kwanza gerejini. Fundi mkuu wa umeme wakati ule alikuwa Muzee Udaga, Mualuru mrefu wa Mahagi, mtu wa maneno machache. Aliliangalia shati langu, akaiangalia betri iliyokuwa inavuja asidi, akaniambia niibebe hadi nyuma ya nyumba. Kufika saa sita shati lilikuwa na matundu kama chujio. Hakusema pole. Kesho yake aliniletea koti lake la zamani lenye matundu mengi zaidi, nikaelewa kwamba na yeye aliwahi kuja kazini na shati la heshima.

Jambo ambalo wateja hawakulijua ni kwamba Muzee Udaga hakuona rangi vizuri. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, na fundi wa umeme asiyetofautisha nyaya kwa rangi anapaswa kutafuta kazi nyingine. Yeye hakutafuta. Alitegemea vidole na masikio. Kwa vidole, alifunga mafundo: kila waya unaokwenda upande wa dereva aliupiga fundo dogo mwishoni, na ule wa upande wa konvoyeri, msaidizi wa dereva, aliuacha bila fundo. Nilimuuliza kwa nini asiseme kushoto na kulia kama watu wengine. Akanilaza chini ya gari, kichwa kikielekea nyuma, akaniuliza kushoto kuko wapi. Nikakosea. Akasema ukilala hivyo kushoto na kulia vinakuchezea, lakini usukani hauhami mahali pake.

Kwa masikio, alisikiliza santrali. Ni kile kidude kidogo kinachofanya taa za kukata kona, klinyota, ziwake na kuzimika kwa mlio wa kik-kak, kik-kak. Taa ya mbele na ya nyuma zikiwa nzima zote mbili, mlio unakwenda polepole kama mtu anayetembea baada ya kushiba. Moja ikiwa imekufa, mlio unakimbia. Kwa hiyo fundi mwenye masikio hana haja ya kulizunguka gari. Anakaa kwenye kiti, anawasha, anasikiliza, anajua. Muzee Udaga alikuwa akisema fundi anayezunguka gari ni mlinzi, si fundi. Nililipenda sana neno hilo. Nilikuja kulitumia kwa wengine kwa miaka mingi, na kuna ambao niliwaumiza nalo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Koleo lenye mipini niliyoifunga mpira wa tairi la baiskeli. Chuma cha kulehemia kilichopashwa kwenye makaa, kwa sababu umeme wa mji ulikuja kwa ratiba yake wenyewe. Taa ya kupimia, niliyoitengeneza kwa balbu ya pikipiki na spoki iliyonolewa. Leo mna vipimo vyenye namba, na namba hazidanganyi, lakini nimewaona mkizisoma na kuzisoma tena huku waya wenyewe umekatika mbele ya macho yenu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Muzee Udaga aliporudi kwao Mahagi, aliniachia koti, mafundo na masikio. Kwa muda mrefu hayo yalitosha. Karibu magari yote tuliyotengeneza yalikuwa yameingia kutoka Uganda, yenye usukani kulia. Ninyi mmezaliwa mkiyaona, hamshangai kwamba hapa tunaendesha upande wa kulia wa barabara huku dereva amekaa upande wa mtaro. Vidole vyangu navyo havikushangaa. Fundo lilikuwa kulia, kila siku, gari baada ya gari, mpaka nikasahau kabisa kwamba fundo lilimaanisha dereva. Kwangu fundo lilimaanisha kulia.

Ndipo akaja Muzee Zakaria na gari lake.

Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Djugu, mtu mwembamba anayevua kofia hata akisalimia watoto. Gari lake lilikuwa dogo, jekundu, la milango miwili, la michezo kama wanavyosema, ingawa kwenye barabara zetu mchezo wake mkubwa ungekuwa kukwama. Meneja wa shamba alimwachia zamani alipoondoka nchini. Muzee Zakaria alilitunza, akaliendesha siku za misa na za harusi, basi. Mashambulizi yalipofika kijijini kwao, alilisukuma ndani ya banda la kukaushia kahawa, akalifukia kwa maganda, akaondoka kwa miguu hadi Bunia na mke wake na binti yao Neema. Nyumba ilichomwa. Mibuni ilikatwa. Watu wake wengine walikufa, na hilo alilisema mara moja tu, akiangalia pembeni. Gari lilibaki. Aliyeligundua chini ya maganda hakuwa na petroli, kwa hiyo alichukua alichoweza kubeba: nyaya zote, na taa za nyuma.

Lilifika Bunia juu ya lori, kati ya mbao. Mwenzetu wa injini akachukua injini, mimi nikapewa nyaya. Nilimwambia Muzee Zakaria kwamba tungeanza na taa kubwa za mbele na za breki, hizo nyingine zingesubiri. Akakataa kwa upole.

"Gari yenye haiko na klinyota ni kama mutu anapita kwa watu bila kusalimia," alisema. "Uanze na ile."

Alitaka pia veyezi, zile taa ndogo zinazowaka muda wote gari likiwa barabarani. Gari lake lilikuwa fupi mno, na kwenye vumbi la barabara ya Marabo dereva wa lori angeweza kulipanda bila kujua. Hapo alikuwa na haki kuliko mimi.

Kazi ilinishinda siku mbili nzima. Kila nilipowasha klinyota, veyezi nazo zilipepesa macho, na kila nilipowasha veyezi, klinyota ziliwaka hafifu kama zinaona haya. Nilibadilisha balbu, nilibadilisha santrali, nikamlaumu aliyeuza santrali. Siku ya tatu niligonga mlango wa gari kwa kidole, kwa hasira tu, nikasikia mlio ambao si wa bati. Lilikuwa plastiki. Mwili mzima wa gari lile ulikuwa wa nyuzi na gundi! Mnajua taa hurudisha umeme kwenye betri kupitia bati la gari, ndiyo masi yetu. Mimi nilikuwa nimefunga masi yangu kwa uangalifu mkubwa kwenye plastiki. Umeme ukikosa njia ya kurudi unatafuta nyingine, ukapita kwenye balbu ya jirani. Nikavuta waya mweusi kutoka kila taa hadi kwenye betri, moja kwa moja. Taa zote zikatulia. Nilicheka peke yangu, nikajiona bingwa, na bingwa anayejicheka ni mtu wa kuogopwa.

Kwa upande wa nyuma sikuwa na nyaya mpya. Nilikuwa nazo za gari moja la Uganda lililokufa, nilizozitoa mimi mwenyewe mwaka uliotangulia, zimefungwa vizuri, na fundo langu juu yake. Nikazilaza ndani ya lile gari jekundu, fundo kulia kama kawaida. Mbele niliunganisha upya nikiufuata usukani, waya wenye fundo kwa dereva, naye kwenye gari hili alikaa kushoto, kwa sababu gari lilitoka Ulaya. Sasa mwenye akili ameshaona. Mimi sikuona. Nilikaa kwenye kiti, nikasukuma mkono wa klinyota kushoto. Kik-kak, kik-kak, mwendo wa mtu aliyeshiba. Kulia, vilevile. Kisha nikawasha zote nne pamoja, kama wanavyofanya kwenye msafara wa harusi, na Muzee Zakaria aliyekuwa amesimama nyuma ya gari akapiga makofi. Sikushuka. Nisingeweza kushuka, nilikuwa fundi, si mlinzi.

Alilichukua gari akiwa na furaha ambayo sijaiona mara nyingi kwa wazee. Alikuwa amekodi shamba dogo upande wa Marabo, na kila siku ya kazi alikwenda nalo, jembe likiwa limelala kwenye kiti cha konvoyeri. Neema aliniambia baadaye kwamba baba yake alianza tena kuimba akinyoa ndevu. Alionyesha klinyota hata akitoka uani kwake, mahali ambapo hakukuwa na mtu wa kumwona isipokuwa kuku.

Haukuisha mwezi mmoja. Gari lilirudi kwetu likiwa limevutwa kwa kamba, taa ya mbele imevunjika, ubavu wa kushoto una mkwaruzo mrefu. Muzee Zakaria alikuwa amekata kona kushoto kuingia njia ya shambani kwake. Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyekuwa nyuma yake, kijana mwenye familia anayeitwa Bahati, alikuwa anampita kwa upande huo huo wa kushoto. Pikipiki iligonga ubavu, Bahati akaruka, mguu ukavunjika mahali pawili.

Neema ndiye aliyenieleza. Bahati aliapa kwamba mzee aliwasha klinyota ya kulia, ndiyo maana alipita kushoto. Polisi walimnusa Bahati mdomo wakitafuta pombe. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi mbele, pale njia panda, aliapa kwamba mzee aliwasha ya kushoto. Watu wakasema yule mama anamhurumia mzee. Mwishowe kila mtu alikubali kwamba mzee amezeeka, mkono wake haujui tena uendako. Ikaisha hivyo, bila ubaya, na hilo ndilo lilikuwa baya.

Nilisikia maneno ya wale mashahidi wawili, mmoja nyuma, mmoja mbele. Hawakupingana hata kidogo. Kila mmoja alisema alichokiona.

Neema alipoondoka nikamtuma mwenzangu akanunue lehemu tuliyokuwa nayo tele. Nikakaa kwenye kiti cha lile gari. Nikaweka balbu mpya mbele, nikawasha kushoto. Kik-kak, kik-kak, mwendo mzuri kabisa. Halafu nikashuka, nikafanya kile ambacho nilikuwa nimekidharau maisha yangu yote ya kazi: nikalizunguka gari. Mbele, kushoto ilikuwa inawaka. Nyuma, kulia ilikuwa inawaka.

Kubadilisha nyaya mbili nafasi kulichukua muda wa kunywa chai. Fundo nililikata, nikalitia mfukoni. Mwenzangu aliporudi na lehemu, gari lilikuwa halina kosa tena, na hakuna mtu duniani aliyejua isipokuwa mimi. Niliogopa. Niliogopa polisi, niliogopa ndugu za Bahati, lakini zaidi niliogopa kusikia watu wakisema fundi yule, mwenye masikio, alivunja mguu wa mtu. Nikaamua kunyamaza. Nilijiambia Bahati ana matibabu, mzee yuko hai, gari limepona, maneno hayaungi mfupa.

Muzee Zakaria alikuja mwenyewe siku ya pili, kwa miguu, kuangalia gari lake. Hakuligusa. Alisimama kofia mkononi.

"Fundi, mukono yangu niliiona ikienda kushoto," alisema. "Niliiona na macho. Lakini kama watu bote banasema apana, labda ni kichwa njo inaniisha."

Nilimwambia akapumzike. Hayo ndiyo maneno niliyompa: kapumzike, muzee. Roho ilinisuta hapo hapo, nikaificha kwa kutafuta koleo lililokuwa mkononi mwangu.

Siku saba nilinyamaza. Katika siku hizo nilimwona kila asubuhi akipita mbele ya gereji na kibakuli kilichofungwa kitambaa, akimpelekea Bahati chakula hospitalini. Alikuwa akitembea polepole na kusimama kila penye kona, akiangalia huku, akiangalia kule, kisha huku tena, mtu ambaye hayaamini tena macho yake. Nyumbani, kama nilivyosikia, mke wake alianza kumjazia kikombe nusu ili asijimwagie. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanampenda mpaka wakamfanya mtoto.

Siku ya saba Neema alikuja gerejini. Aliniambia mtu wa kununua gari amepatikana, atakuja Jumapili kulichukua, na baba yake amekubali bila neno. Shamba la Marabo wangeliacha pia, kwa kuwa ni mbali kwa miguu. Aliniuliza kama ninaweza kulipangusa vumbi.

Nilitwaa kitambaa nikaanza kupangusa. Nilipofika nyuma, kwenye taa ya kulia, mkono ukakataa. Yule mzee alikuwa amenyang'anywa nyumba, mibuni na watu wake, na alibakiza kitu kimoja cha kujitambua nacho. Sasa mimi nilikuwa nakimalizia, kwa kukaa kimya tu, na kitambaa mkononi. Sijawahi kujichukia namna ile, kabla wala baada. Nikavua koti, nikaenda.

Nilianza hospitalini, kwa kuwa mwenye mguu uliovunjika ndiye aliyetangulia kuumia. Nilimweleza Bahati yote bila kupunguza. Nilikuwa tayari kwa matusi, na angekuwa na haki. Alisema tu kwamba polisi walimwita mlevi mbele ya mke wake.

"Mimi nilisema ni kuume," alisema. "Minashukuru umekuya. Lakini uende kwa ule muzee, leo hii. Kila siku anakuya hapa kuniomba pole, mpaka mimi njo naona haya."

Jua lilikuwa bado juu nilipofika kwa Muzee Zakaria. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, Neema karibu naye akichambua maharage. Mke wake alikuwa jikoni, kile kibanda cha mabati cha uani, nikisikia sufuria. Nilikataa kiti. Waungwana wakivuliwa nguo huchutama, lakini mimi sikuwa nimevuliwa na mtu, nilikuwa nimekuja kujivua, na niliona heri kusimama.

"Muzee, klinyota yako ya nyuma, mimi njo niliifunga kinyume," nilisema. "Weye uliwasha kushoto. Mbele ikaonyesha kushoto, nyuma ikaonyesha kuume. Kosa haiko yako. Iko yangu."

Neema aliacha maharage. Aliuliza nilijua lini. Nikamwambia: siku ile ile gari lilipoletwa.

"Siku saba, fundi?" alisema.

Nikautazama udongo. Halafu Neema akainuka, akaingia ndani ya nyumba, akarudi na funguo za gari, akaziweka juu ya goti la baba yake.

Muzee Zakaria hakuzishika. Alikuwa anauangalia mkono wake wa kushoto, akiugeuza juu na chini.

"Basi niliwasha kushoto," alisema.

"Uliwasha kushoto, muzee."

Alifuta macho kwa kofia. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Badala yake alinyoosha kidole kuelekea uani, kule sufuria zilikokuwa zinagongana.

"Sema tena," alisema. "Sema na nguvu. Mama yake Neema iko kwenye jiko, hayasikia bado."

Nikageukia mlango wa jiko, nikasema tena.